Rundo la Samadi la Bi Hadda

Buselham alizaliwa kwenye matope, na alipofika miaka kumi na tisa aliyakimbia. Baba yake alilima shamba la watu huko bondeni Gharb kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, kwenye ule udongo mweusi ambao wenyeji huuita tirsi. Mvua ikinyesha unanata kama gundi. Jua likikaza unapasuka nyufa za kumeza mkono hadi kiwikoni. Picha aliyobaki nayo ya baba yake ni ya mtu anayerudi jioni pekupeku, viatu mkononi, kila kiatu kimevimba tope. Kwa hiyo watu wa reli walipokuja kuandika vibarua stesheni ya Sidi Kasim, yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Relini alikuta dunia aliyoitaka. Pale chini kuna kokoto, juu ya kokoto kuna mataruma, juu ya mataruma kuna chuma, na maji ya mvua yanapita zake bila kusumbua mtu. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne. Alianza kwa kubeba kokoto kwa koleo, akamaliza akiwa mnyapara wa kikosi cha matengenezo, mtu wa kuinama na kutazama reli kwa jicho moja na kusema, "Hapa pamezama kidole kimoja," na kweli wakipima wanakuta kidole kimoja.

Siku ya kustaafu ilipofika alinunua kiwanja pembezoni mwa mji, akajenga vyumba viwili na jiko, na nyuma ya nyumba akaacha uwanja wa hatua ishirini kwa kumi na tano. Uwanja huo ulikuwa ahadi. Mkewe Yamna alitoka milima ya Zerhuni, kwenye udongo mwekundu mwepesi ambao mtoto anauchimba kwa kijiko, na tangu aolewe alikuwa ameishi kwenye nyumba za reli, akipanda nanaa na giligilani kwenye makopo ya mafuta. Hakuwahi kulalamika. Ila alikuwa akisema mara moja kwa mwaka, bila kumtazama mtu, "Mimi sikutaka dhahabu. Nilitaka mahali pa kuingiza jembe."

Sasa mahali palikuwapo, lakini jembe lilikuwa haliingii.

Majira ya baridi ya kwanza Yamna alipanda nanaa, vitunguu na figili. Mvua za Januari zilipotulia, maji yalikaa uwanjani siku tisa, na kila kitu kikaoza kuanzia mizizi. Majira ya joto uwanja ukapasuka vipande vipande kama sahani iliyoanguka. Kifaranga kimoja kilitumbukia ufani, wakawa wanakisikia kinalia chini ya ardhi, na Buselham alilala kifudifudi asubuhi nzima akijaribu kukitoa kwa upawa wa supu. Alikitoa kikiwa hai. Yamna alikisafisha, akakaa nacho mapajani, akasema, "Bwana, tumejenga juu ya babako."

Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa ameikimbia tirsi ujana wake wote, na uzeeni amekwenda kuinunua kwa hiari yake mwenyewe.

Majira ya baridi ya pili aliingia vitani. Mvua ilikuwa imekatika jana yake, udongo umelowa, laini, na yeye akaona hiyo ndiyo nafasi. Akalima uwanja mzima kwa siku mbili, akigeuza mabonge makubwa yanayong'aa kama sabuni. Alijivuna sana. Jua la wiki mbili likayakausha mabonge yale yakawa mawe. Alipoyapiga kwa jembe, mpini ulivunjika, bonge likabaki vilevile. Hapo akafikiria kama mtu wa reli: pasipopitisha maji, weka kitu cha kupitisha maji. Akaagiza lori la mchanga kutoka pwani ya Mehdia, akaumwaga kwenye kona ya karibu na jiko, akauchanganya na tirsi kwa koleo, akamwagia maji, akausawazisha kwa reki. Mwezi wa nne ile kona ilikuwa ngumu kama sakafu. Yamna aliidondoshea sufuria, sufuria ikabonyea.

Siku hiyo ndiyo sauti ilisikika kutoka juu ya ukuta.

"Buselham, unajenga nyumba nyingine?"

Alikuwa Hadda, jirani wa upande wa mashariki, mjane aliyepita miaka sitini, mwenye ng'ombe wawili na kondoo wachache. Kichwa chake kilionekana juu ya ukuta kimefungwa kitambaa cha manjano. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ambayo Hadda alimwambia kwa karibu miaka miwili, na sababu ilijulikana mtaa mzima.

Walipohamia tu, katika kiangazi cha kwanza, upepo mkavu wa mashariki ulileta harufu ya rundo la samadi la Hadda hadi kwenye sahani ya Buselham. Mtu mwingine angebisha hodi kwa jirani. Buselham, aliyezoea kuandika ripoti, alimwandikia mjumbe wa mtaa barua ya kurasa mbili. Mjumbe akaja na daftari, akaziba pua, akamwamuru Hadda alihamishe rundo lile hadi kona ya mbali ya uwanja wake. Hadda alilihamisha mwenyewe, kwa ndoo, siku nne. Tangu hapo alikuwa akimpita Buselham njiani kama anavyopita nguzo ya umeme.

Sasa Buselham aliingia ndani, akakaa, akaomba chai. Yamna alimletea. Ilikuwa chai nzuri, nanaa imejaa birika, majani mapana yenye harufu ya kufungua kifua. Akanywa bilauri ya kwanza na ya pili. Kwenye ya tatu akaitazama.

"Yamna, hii nanaa unanunua wapi?"

"Kwani vipi?"

"Nauliza. Ya sokoni haina jani kama hili."

Yamna alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Sinunui. Napewa na Hadda."

"Hadda gani?"

"Wako wangapi?"

"Tangu lini?"

"Tangu tulipohamia. Tunakutana kwenye tanuri la mtaa nikipeleka mikate. Ananifungia kwenye kitambaa." Akapuliza makapi. "Na giligilani. Na zile tanipu za kuskusi ya Ijumaa ulizosema ni tamu. Na vitunguu."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungeandika barua."

Buselham aliweka bilauri chini. Alihesabu kimoyomoyo Ijumaa zote zile alizokula tanipu za mwanamke aliyemshitaki, akaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kisha likamjia jambo lingine, ambalo kwa mtu wa aina yake lilikuwa zito kuliko aibu. Uwanja wa Hadda na wake vinatenganishwa na ukuta wa unene wa tofali moja. Udongo ni uleule. Yeye anavuna mawe, na mwenzake anagawa mboga.

Alichukua siku tatu kufika nyumba ya pili. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, alivaa koti lake la reli, akabisha hodi. Hadda alifungua, akabaki amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi.

"Karibu, jirani. Sema kilichokuleta."

"Nimekuja kukujulia hali."

"Hali yangu nzuri. Kwaheri, basi."

"Subiri, Bi Hadda." Buselham alikohoa. "Nimekuja kwa ajili ya ile barua. Nilikosea. Ningekuja kwako kwanza, kwa mdomo, kama mtu. Nisamehe."

Hadda aliweka ndoo chini. "Barua yenyewe sikuisoma, sijui kusoma. Mjumbe alinisomea. Uliandika kwamba rundo langu linahatarisha afya ya umma."

"Niliandika."

"Huo umma ulikuwa wewe peke yako."

"Ndiyo."

"Haya. Nimesamehe la barua. Sasa sema na la pili, maana koti hilo hukulivaa kwa la kwanza tu."

Buselham alicheka, kwanza kidogo, halafu kwa kweli. Akasema la pili: anaomba samadi, na anaomba aambiwe ya kufanya nayo.

Hadda alimpitisha uwanjani. Matuta yake yalikuwa yameinuka kutoka chini hadi usawa wa magoti, marefu, membamba, na kati yake kuna njia zilizotandikwa mabua ya ngano. Aliingiza mkono kwenye tuta moja, ukazama hadi juu ya kifundo, akautoa na konzi ya udongo mweusi unaomeguka kama mkate wa shayiri. Akamwekea kiganjani.

"Hii ni tirsi?" Buselham aliuliza.

"Sasa ni nini? Ndiyo hiyohiyo. Mimi nimeilisha miaka ishirini na mbili. Wewe umeichapa miwili."

Kisha akamwonyesha rundo kwenye kona ya mbali. Upande wa mbele lilikuwa bichi, lenye mvuke. Upande wa nyuma, ambao umekaa mwaka na zaidi, lilikuwa jeusi, jepesi, halina harufu yoyote zaidi ya ile ya ardhi baada ya mvua. "Bichi usiiguse, itaunguza mizizi. Chukua la nyuma. Sikuuzii. Ulitaka liondoke hapa, basi liondoe. Lote lililoiva. Kwa mikono yako, na upite njia ya mbele, si kupitisha juu ya ukuta."

Njia ya mbele ilipita msikitini, dukani na kwenye kibaraza cha mkahawa. Buselham alielewa. Kiangazi kilipopita, wiki nzima ya mwezi wa tisa alisukuma toroli lililojaa samadi mbele ya wazee wenzake wa reli, na hakuna siku waliyoacha kumsalimu.

"Mnyapara, treni ya mizigo inaelekea wapi leo?"

"Inaelekea kwangu."

"Naona imechelewa."

"Imechelewa miaka miwili," alisema Buselham, na akaendelea kusukuma. Kufikia siku ya tano walikuwa wamechoka kumcheka, na mmoja wao akashuka kibarazani akamsaidia kupandisha toroli kwenye mwinuko. Mjumbe naye alipita. Alitazama toroli, akamtazama aliyelisukuma, akaamua ana shughuli kwingine.

Hadda alifundisha kwa maneno machache na hakurudia. Somo la kwanza lilikuwa kungoja. Kila asubuhi Buselham achukue udongo kiganjani, ausokote kama uzi. Ukisokoteka ukajipinda pete bila kukatika, atoke nje, afunge mlango, akanywe chai. Ukimeguka vidoleni, ndipo achukue jembe. La pili: akishainua tuta, mguu usilikanyage tena maisha yake yote. La tatu: asidhani kwamba atashinda mwaka huu.

Buselham alipima matuta kwa kamba na vigingi, yakanyooka kama njia kuu ya kwenda Meknes. Alichanganya samadi na udongo wa juu tu, kina cha jembe moja, akaongeza mabua ya ngano na magunia ya maganda ya mpunga, ambayo kwenye vinu vya bondeni watu wanafurahi ukiwapunguzia. Kona ya mchanga hakuigusa. Alijaribu kuichimba siku moja, akaiacha, akaweka pale kiti na kamba ya kuanikia nguo.

Mwezi wa kumi na moja Hadda alimletea mbegu za ful, yale maharage mapana ya kijani, akamwambia apande kila tuta. Yalistawi. Kufikia mwisho wa Februari yalikuwa yamefika kiunoni, yamejaa maua meupe yenye doa jeusi, nyuki wanavuma. Buselham alikuwa tayari anaota bakuli la bisara, ile supu nzito ya ful, yenye mafuta ya zeituni na bizari. Hapo Hadda akachungulia juu ya ukuta.

"Yakate."

"Nini?"

"Ful. Yakate sasa yakiwa na maua, uyazike."

"Bi Hadda, hayajazaa."

"Yakizaa utakula wewe. Yakizikwa udongo ndio utakaokula. Nani mwenye njaa zaidi?"

Aliyakata. Yamna anasema hajawahi kumwona mumewe akihuzunika hivyo hata kwenye mazishi ya watu. Hadda alimruhusu abakishe mstari mmoja wa kula, na mstari huo alikuwa akiutembelea kila asubuhi kama mgonjwa.

Lakini mwaka uliofuata mambo yalikuja kugeuka, na safari hii aliyehitaji msaada alikuwa mwalimu. Februari ile mvua haikukatika siku kumi na moja. Mto Sebu ulipanda, mifereji ya mashambani ikajaa, na siku ya kumi na mbili Buselham alipotoka nje alikuta matuta yake yamesimama kama mashua kwenye maji, ila yamesimama. Akachungulia ukutani. Kwa Hadda, ambako uwanja umebonyea katikati, maji yalikuwa yamefunika matuta matatu kati ya saba. Hadda alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani.

"Yatakauka," Hadda alisema. "Huwa yanakauka."

"Baada ya siku ngapi?"

"Kumi. Kumi na tano."

"Na mizizi?"

Hadda aliyatazama matuta yaliyozama. Ilikuwa mara ya kwanza Buselham kumwona ameshindwa, na hakufurahia.

Alirudi ndani akatoka na kamba, vigingi na ile pima-maji aliyopewa na wenzake siku ya kustaafu. Alipima kuanzia uwanja wa Hadda, akapita chini ya ukuta, akavuka uwanja wake, hadi kwenye mtaro wa barabarani. Mteremko ulikuwapo, mdogo sana, viganja viwili kwa urefu wote, lakini kwa mtu aliyetumia maisha yake kuyatoa maji chini ya treni, viganja viwili vilitosha na kubaki.

"Nitahitaji kutoboa ukuta kwa chini," alimwambia Hadda.

"Ukuta kajenga nani?"

"Mimi."

"Basi unaniuliza nini?"

Alitoboa siku hiyohiyo, na maji ya kwanza yakaanza kupita kwa mfereji wa juujuu. Ardhi ilipokauka kiasi cha kumeguka vidoleni, alichimba mfereji wa kweli: kina cha mkono mzima, chini mawe makubwa, juu yake kokoto, juu ya kokoto mabua, kisha udongo, ili mtu apite juu bila kujua. Wazee wawili wa mkahawani, waliokuwa vibarua wake zamani, walikuja na koleo zao bila kuitwa. Walifanya kazi siku sita, wakibishana juu ya mteremko, wakikumbushana daraja fulani na mafuriko ya mwaka fulani. Yamna na Hadda walipika pamoja kwenye jiko la Hadda. Siku ya sita walimwaga ndoo ya maji upande wa juu, wakakimbia wote, licha ya umri wao, hadi mtaroni, wakasimama wanangoja. Maji yakatoka, membamba, meusi kidogo, halafu safi.

Hadda aliinama akayatazama muda mrefu. "Miaka ishirini na nne," alisema, "nilikuwa nadhani ni shauri ya Mungu."

"Ilikuwa shauri ya mteremko," alisema Buselham. Kisha akaona ametamka jeuri, akaongeza, "Na mteremko ni wa Mungu."

Masika ya mwaka ule Yamna aliingiza jembe kwenye tuta la kwanza na likazama kwa uzito wake lenyewe. Aliligeuza bonge, likavunjika hewani, na ndani yake minyoo wekundu wakajikunja wakitafuta giza. Alimwita mumewe akawatazame. Walikaa kitako kwenye njia ya mabua, watu wawili wenye mvi, wakawahesabu minyoo kwenye jembe moja: kumi na saba. Buselham alitaka kuhesabu jembe la pili ili alinganishe. Yamna akamwambia awaache watu wafanye kazi.

Nanaa ilishika. Tanipu zilitoka nyeupe, zimenyooka; karoti tu za tuta la mwisho zilitoka na miguu miwili, nyingine mitatu, Yamna akazipika hivyohivyo. Bado kuna siku za Januari ambapo Buselham anasokota uzi wa udongo, unajipinda pete, anafunga mlango na kununa. Bado kiangazi kinaleta nyufa kwenye njia, ingawa si kwenye matuta. Akiulizwa na watu wa mtaa wa pili, ambao nao wamejenga juu ya tirsi, huwaambia kwanza walete kiti, maana jibu lake huanzia kwenye barua.

Mwaka wa tatu wa matuta hayo Hadda alikwenda Larashi kwa binti yake kufanyiwa upasuaji wa macho, akawaachia ng'ombe wake kwa wiki mbili. Yamna alikamua. Buselham alisafisha zizi, akapeleka samadi kwenye rundo kila asubuhi, bichi upande wa mbele, akalifunika kwa mabua ili mvua isilioshe. Hadda aliporudi, jicho moja limefungwa kitambaa, alikwenda kulitazama rundo kabla hajaingia ndani. Alilizunguka, akachoma kijiti katikati, akakigusa kwa kiganja kupima joto, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Ijumaa iliyofuata walikula kuskusi kwa Buselham, pale kwenye kona ya mchanga ambako sasa kuna meza. Wakabishana juu ya nafasi iliyobaki karibu na ukuta. Yamna alitaka mtini, kama wa kwao Zerhuni. Hadda alisema mtini utatafuta maji na kuvunja mfereji. Buselham alisema mfereji ule hauvunjwi na mtini. Hadda akamuuliza kama ameshawahi kuona mzizi wa mtini. Waliendelea hivyo hadi sahani ikawa tupu, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Jumatatu asubuhi Buselham alisokota udongo wa pale ukutani, ukameguka. Akachukua jembe, akachimba shimo, kisha akaenda sokoni. Alirudi na mche wa komamanga, kwa kuwa miche ya mtini ilikuwa imekwisha.